Mstari Mmoja wa Kalamu

Yarrabin, 4 Desemba

Mdogo wangu Noeline,

Pokea salamu kutoka kwetu huku kwenye ngano na vumbi. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba huko Hobart bado mnavaa sweta. Sisi tu wazima, ila joto linatukaanga, na nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mume wangu Colin anakusalimu. Yuko shambani na mashine ya kuvunia, namwona wakati wa kula tu.

Uliuliza mbona nimekuwa kimya tangu Septemba. Ni kwa ajili ya mtoto mmoja wa darasa langu la nne, Tahlia Brodie. Ni mpole, hana kelele, na kazi zake hazimalizi. Mama yake, Kerryn, ndiye dereva wa basi letu la shule. Alisubiri miezi kumi na minne kupata nafasi kwa daktari wa watoto kule Perth, ajue kama mwanawe ana shida ya umakini. Daktari akatuma madodoso mawili, moja la mzazi na moja la mwalimu.

Langu lilinikuta katika wiki ya ripoti. Je, mtoto huacha kazi katikati? Hupoteza vitu? Huinukainuka kitini? Unatia alama chini ya kamwe, mara chache, mara nyingi au kila mara. Nilikuwa na ripoti ishirini na sita mezani na chai imeshapoa. Nikajiuliza swali langu mwenyewe, kama Tahlia ananisumbua. Hanisumbui. Basi nikavuta mstari mmoja wa kalamu chini ya kamwe, kutoka juu mpaka mwisho wa ukurasa, nikatia sahihi.

Kerryn aliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kuambiwa kwamba karatasi ya mama inasema kila mara na ya mwalimu inasema kamwe, na shida inayoonekana nyumbani tu huenda inatoka nyumbani. Akaandikiwa kozi ya malezi. Alinijia getini macho mekundu, akaniuliza kama nilikuwa na hakika. Nikamjibu kwamba madaktari ndio wanaojua. Naona aibu hata kuiandika.

"Haya, Miss Merridy," akasema. "Kumbe mama mbaya ni mimi."

Akapanda basi lake, akawapeleka watoto wa wenzake makwao.

Jumatatu yake nilimtazama Tahlia asubuhi nzima. Dakika ishirini zilipita ameandika tarehe tu. Wenzake wakigeuza ukurasa, naye anageuza. Wakisoma kwa pamoja, mdomo wake unacheza na macho yake yako dirishani. Wakati wa mapumziko nikamuuliza kwa upole mbona haniambii akiachwa nyuma.

"Nikikaa kimya, Miss, hakuna anayejua."

Nikaomba dodoso jingine, nikalijaza kwa siku tatu, swali baada ya swali huku namtazama, nikaambatanisha barua ya kukiri kosa langu. Kisha nikaenda kwa Kerryn. Hakunikaribisha ndani. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, akasema angalau sasa karatasi zitasema kitu kimoja, akafunga mlango. Daktari amewapa nafasi ya Februari.

Sasa nije kwako. Nilipoandika kwamba Tahlia hugeuza ukurasa wenzake wakigeuza, niliweka kalamu chini. Nilishawahi kuyaona hayo, Noeline. Tulikaa dawati moja, shule nzima chumba kimoja, na niliyekuwa nikimwona ni wewe. Baba alipouliza mbona unafeli, mimi ndiye niliyemwambia kwamba unaweza, unafanya makusudi. Ulikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile akakuita mvivu, nasi sote tukakuita hivyo, na leo una miaka hamsini na mbili na wewe mwenyewe unajiita hivyo, kila unapoacha kazi, huku unacheka.

Nilitoa nakala ya dodoso tupu, nikakujazia wewe, kwa yote ninayoyakumbuka. Limo ndani ya bahasha hii. Mwonyeshe daktari ukitaka, au lichome. Maswali mengine sikuwa na hakika, nikayaacha wazi. Safari hii sikuvuta mstari.

Nisalimie majirani zako, na goti ulitunze. Usiponijibu nitaelewa, lakini nitakuwa nalichungulia sanduku la barua.

Ni mimi dada yako, ninayekuomba radhi,
Merridy