Kadi Kumi na Nne za Gotu

Jumatatu, 6 Februari 1978

Mirija tena. Nimeosha tangu saa mbili asubuhi. Bwana Mutuma akachukua mmoja, akauinua dirishani, akaona doa. Nikarudia yote. Mwezi wa saba huu niko mafunzoni katika maabara ya mifugo, na mkuu wangu bado ananiona mtu wa sufuria.

Mchana tukaanza kupima damu tuliyoleta Ijumaa. Yangu ni ya Gotu, ya Ekai, mwanafunzi mwenzangu, ni ya Oldonyiro. Naandika hatua hapa, mtihani uko Machi. Maji ya damu ya ng'ombe, halafu kiini cha vijidudu vya homa ya mapafu, halafu dawa ya kupasua chembe, mwisho chembe nyekundu za kondoo. Chembe zikipasuka, mrija wote unakuwa mwekundu na unang'aa: ng'ombe ni mzima. Zikitua chini kama kifungo cha shati, dawa imeliwa kabla ya kuzifikia: ng'ombe anaugua.

Kila damu hupewa pia mrija wa ushahidi, usiotiwa kiini. Huo lazima ung'ae, la sivyo damu yenyewe ina kasoro. Leo Bwana Mutuma ameiruka mirija ya ushahidi yote. Dawa ya kupasua imebaki kidogo, nyingine itatoka Nairobi Alhamisi. Ekai akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukaendelea kumimina.

Jumanne, 7 Februari

Vifungo kumi na vinne. Vyote vya Gotu. Vyote vya boma la mjomba Dida, kaka yake mama, ninayemwita Abuya.

Ng'ombe wake ni kumi na sita. Wawili wazima, kumi na wanne wagonjwa. Boma la jirani yake, wanaonywesha kisima kimoja naye, wote wazima. Oldonyiro wazima. Bwana Mutuma akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Akaenda kupiga simu. Aliporudi akasema boma lote linauawa, pamoja na wale wawili. Watu wa bunduki wanaanza keshokutwa, watatu kwa siku, kwa sababu mashimo yanachimbwa kwa mkono.

Sikusema ni mjomba. Hapa hakuna anayejua.

Jumatano, 8 Februari

Siku ya kadi. Kila ng'ombe ana kadi yake, na kila kadi imetobolewa matundu pembeni kuizunguka. Tundu moja la mahali, moja la umri, moja la aliyetoa damu, moja la jibu. Jambo likiwa kweli, unakata ukingo wa tundu kwa mkasi. Ukitaka kuwajua wagonjwa, unapanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano ndefu ya kufumia kwenye tundu la ugonjwa, unainua na kutikisa. Zilizokatwa zinaanguka zenyewe mezani. Naipenda kazi hii kuliko zote. Ekai hachoki kunitania.

"Leo unafumia nani sweta? Si unifumie na mimi, Oldonyiro kuna baridi usiku!"

Nikatikisa. Zikaanguka kumi na nne.

Nikazirudisha, nikaanza kucheza. Tundu la umri: mchanganyiko. Tundu la jike na dume: mchanganyiko. Bwana Mutuma ni mtu wa vijitundu, ameweka hata kimoja cha chupa iliyobeba damu, kama ni ya maabara au nyingine. Nikapitisha sindano hapo. Zikaanguka kumi na nne.

Zile zile. Nimelinganisha namba mara tatu.

Acha niandike ukweli wote, angalau hapa. Ijumaa sanduku la chupa lilianguka kwenye gari njiani, zikavunjika nyingi. Nilipomaliza boma la jirani nilibakiwa na mbili tu. Mke wa mjomba akanipa chupa kumi na nne za sindano za dukani, zilizooshwa. Ningezikubali zilivyo, pengine yasingetokea haya. Lakini kwetu chombo kisichofukizwa si chombo. Kibuyu cha maziwa kinaoshwa, kisha kinatiwa kijinga cha mti wa ejersa, mzeituni wa porini, mpaka moshi uingie kila pembe. Ndipo kinaitwa safi. Mimi mwenyewe nilimwomba mke wa mjomba azifukize. Nikajisifu moyoni: mafunzoni tunaambiwa vijidudu hufa kwa moto, na moshi ni mtoto wa moto. Mjuaji mimi.

Moshi unaacha utando, na nadhani utando huo umekula dawa ya kupasua. Chembe zingepasukaje? Mirija ya ushahidi ingetuambia siku ile ile.

Bwana Mutuma alikuwa ofisini, mlango wazi. Hatua ishirini. Nikasimama, nikakaa. Nikisema, nafukuzwa. Msichana wa kwanza wa kwetu kuingia maabara, na nimefukiza chupa kama mtu asiyejua kusoma. Na wakijua ni mjomba, watasema natetea ng'ombe wa ukoo. Huenda nimekosea mimi, huenda wanaugua kweli. Nimerudi nyumbani. Mama ameniuliza mbona sili. Nimesema kichwa.

Alhamisi, 9 Februari

Nimetumwa Gotu pamoja na watu wa bunduki, nilete vipande vya mapafu. Mimi!

Mjomba hakutuhesabia ng'ombe, mali haihesabiwi kwa mdomo. Alisimama mlangoni mwa boma akimtaja kila mmoja kwa jina alipotolewa. Diima. Guracha. Dalacha. Karatasi yangu ina namba tu. Aliponiona akanipa mkono, akasema anamshukuru Mungu kwamba kuna mtoto wa nyumbani katika kazi hii, hawatamwonea.

Diima alifunguliwa kifua. Mapafu yalikuwa ya waridi, laini, hayakushika mbavu popote. Ya mgonjwa huwa magumu, na kifua hujaa maji. Niliyashika kwa mikono yangu. Nikajua.

Na bado sikusema. Mwenye kisu akasema huenda ugonjwa ni mchanga, nami nikaitikia kwa kichwa. Guracha, yale yale. Dalacha, yale yale. Shimo likajaa, wakamwaga chokaa, tukaondoka. Hata nyama hailiki, si ya kuchinjwa. Watoto walikuwa wanalia. Nimejichukia leo.

Ijumaa, 10 Februari

Nimesema.

Saa moja unusu, kabla gari la Gotu halijatoka. Nilikuwa mlangoni pa ofisi ya Bwana Mutuma kabla hajafungua. Nikaweka kadi mezani, nikapitisha sindano mara mbili mbele yake, bila maelezo. Zilipoanguka mara ya pili alikaa. Ndipo nikaeleza moshi.

Hakupiga kelele. Akauliza swali moja.

"Hiyo ng'ombe ni ya nani?"

"Ya mjomba wangu."

Hapo akapiga kelele. Kwamba ninamchezea. Kwamba sisi watu wa mifugo hatufundishiki, tunakuja na moshi wa manyatta ndani ya sayansi. Nilisikiliza yote. Kisha nikamwambia, adabu ikiwa imeniishia, kwamba mirija ya ushahidi ingeuona huo moshi Jumatatu. Uso wake ukawa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Nadhani naye hakulala tangu Jumanne.

Akatoka mwenyewe kulizuia gari.

Dawa ilifika jana. Tumepima damu ile ya chupa za moshi bila kiini chochote. Vifungo. Kumi na vinne. Damu yenyewe imeharibika, haina ushahidi wa ugonjwa wowote. Bwana Mutuma ameandika kwenye daftari kubwa kosa langu, na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, kosa lake.

Jumamosi, 11 Februari

Ekai ametumwa Gotu kutoa damu upya kwa kumi na watatu waliobaki. Mimi nimekatazwa kwenda. Nimeosha mirija siku nzima na hakuna aliyekuja kuangalia doa.

Mficha uchi hazai. Mimi niliuficha siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi. Siku mbili, ng'ombe watatu.

Jumatatu, 13 Februari

Kumi na watatu wazima. Mirija yote inang'aa, na ya ushahidi pia. Ekai amenipiga bega, hakutania.

Kuhusu mimi: barua ya onyo, miezi miwili bila kwenda malishoni, mtihani nitafanya. Sikufukuzwa. Nilitegemea kufurahi.

Alhamisi, 16 Februari

Mjomba alikuja nyumbani kwetu Chechelesi leo baada ya adhuhuri. Salaam, habari za boma, habari za malisho. Mama aliingia jikoni. Nikammiminia mjomba chai.

Hana hasira. Ameambiwa mashine ilikosea. Anasema mashine ni kitu cha mzungu, hakijui ng'ombe, na Mungu ametaka kumi na watatu wabaki. Ningeweza kuacha hapo. Hakuna ambaye angemwambia.

Nikamwambia hakuna mashine. Nikamwambia chupa, moshi, kadi, nilivyojua Jumatano, nilivyosimama pale Alhamisi na karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Sasa, kwa nini hukusema Jumatano?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi, Abuya."

Akatikisa kichwa taratibu. "Diima alikuwa na ndama tumboni," akasema. Akachukua fimbo yake, akaniaga kwa mkono kama anavyoaga wageni, akashika njia ya soko la mifugo.

Mama alitoka jikoni na sukari, akauliza mbona kaka yake ameacha chai. Nimemweleza yote papo hapo.