Bwawa Ndani ya Ghala la Baba

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Alhamisi, 8 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mhandisi Victoria, yule wa manispaa aliyepewa kazi ya kukagua ghala la marehemu baba, amesema leo asubuhi, mbele ya Uledi, Baba Mdogo Abdulkadiri na mimi, kwamba mchoro wa bwawa la samaki umepita. Ghala haliuzwi. Nimelitanguliza hilo ili usisome kurasa zilizobaki huku presha imepanda.

Sasa salamu. Magoti yanaendeleaje? Dada Fatuma ananiambia dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba umeanza tena kwenda sokoni hapo Lindi kugombana na wauza samaki. Nikajua umepona. Sisi huku ni wazima. Mwanao Uledi alikuwa amekonda kwa mawazo, ila mchana huu amekula sahani mbili za wali, kwa hiyo nalo limekwisha. Uliniagiza mambo ya ghala yaandikwe, yasisemwe kwenye simu, kwa kuwa kwenye simu kila mtu husikia anachotaka. Naandika basi, tangu mwanzo.

Ulipoondoka baada ya arobaini ya baba, Baba Mdogo alituita. Alisema yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na ghala tupu katikati ya Kariakoo ni aibu. Liuzwe, kila mrithi achukue chake. Mnunuzi alikwisha kuja na futi yake, akapima kuta bila hata kutusalimia vizuri. Alitaka kubomoa na kupandisha ghorofa la maduka ya simu. Ndipo Uledi akasema anaomba muda hadi mwisho wa mwezi huu wa Oktoba, kwa sababu kuna mpango wa kuweka bwawa la samaki humo ndani. Si karo wala tangi. Bwawa la kujaza ghala zima, lenye njia ya kupita pembeni tu. Baba Mdogo alicheka mpaka akavua kofia kujifuta jasho. Lakini alitoa muda, kwa masharti mawili: manispaa ikubali, na yeye mwenyewe aridhike kwamba mtu wa pwani atamla samaki huyo. Likikwama moja, mnunuzi anarudi. Hicho ndicho kipande cha mwisho tulicho nacho Kariakoo, Mama. Hakuna aliyelisema, na hakuna aliyelisahau.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Uledi alitaka changu na tasi, samaki wa baharini, wafugwe Mtaa wa Narung'ombe kwa maji ya bahari yatakayoletwa na malori kutoka Kivukoni. Nilimuuliza malori mangapi, na maji yakichafuka yatamwagwa wapi. Akasema hayo ni mambo madogo. Nilimwomba akayaeleze hayo mambo madogo kwa Benedikta, yule wa Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, uliyemwachia meza yako ya kukaangia pale Feri. Benedikta alimsikiliza huku akigeuza samaki kwenye karai, kisha akamuuliza kwa nini asifuge perege kama watu wenye akili. Uledi akasema samaki wa maji baridi hana ladha. Wakaangaji wote wa karibu wakageuka kusikiliza.

“Nyie watu wa pwani,” alisema Benedikta, “kila siku samaki wetu hana chumvi, samaki wetu hana chumvi. Kwani kwenu chumvi haiuzwi dukani?”

Pale Feri walicheka, na mimi nikacheka, lakini ni neno hilo la chumvi lililotupa njia. Unakijua kisima cha uani. Tangu tumezaliwa maji yake ni ya kufulia na kusuuzia ngazi, ya kunywa tunanunua, kwa sababu yana chumvi. Nilikwenda kwa mtaalamu wa ufugaji nikiwa na chupa ya maji hayo. Aliyapima, akasema perege atakaa humo bila shida, na kwamba akikulia kwenye maji yenye chumvi kidogo hatakuwa na ile ladha ya matope. Maji tuliyoyadharau miaka yote ndiyo hasa yaliyohitajika, na yapo hatua chache kutoka mlango wa ghala.

Tulifuga majaribio kwenye simtanki mbili pale uani. Wakati perege wanakua, tulichora bwawa lenyewe kwa chokaa kwenye sakafu ya ghala, kwa ukubwa wake kamili: mita kumi na nane kwa tisa. Nilitaka watu walione kabla halijawa. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Milango ilikuwa wazi, wachukuzi wenye mizigo wakikatiza kuelekea mtaa wa pili kama kawaida yao. Wote wakawa wanazunguka ule mstari. Mmoja akamfokea mwenzake, “We, utalowa,” na mwenzake akaruka pembeni na gunia kichwani. Mama Nasma wa duka la vitenge alisimama ukingoni muda mrefu akiangalia saruji kavu, kisha akauliza kama kutakuwa na kingo za kuzuia watoto. Nikaandika: kingo.

Mchoro wa pili ulitaka kuchimba. Unajua mtaani hapa neno kuchimba linavyopokelewa tangu lile ghorofa la Kariakoo lilipoanguka. Majirani walikuja usiku huohuo, si kwa ugomvi, kwa hofu, na walikuwa na haki. Tukaufuta. Mchoro wa tatu, ulioingia manispaa, hauchimbi popote: bwawa linasimama juu ya sakafu, na kuta zake haziegemei kuta za mtu. Mhandisi Victoria alikuja na watu wake, wakapima udongo na sakafu, na leo ametoa jibu. Amepunguza kina hadi mita moja na robo. Ametaka sakafu iongezwe nondo na zege kwanza, na jenereta iwepo kabla ya samaki, kwa sababu umeme ukikatika mashine za hewa zinasimama na perege hawasubiri. Uledi alimuuliza kama maji yatabaki mengi. Akajibu kuwa yatabaki kama tani mia mbili, na kama hayo kwake ni machache basi aende Kigamboni akafuge baharini.

Limebaki kukueleza sharti la Baba Mdogo. Hilo lilimalizwa Jumapili iliyopita. Benedikta alikuja mwenyewe, akawakaanga perege wa simtanki kwa ndimu na kitunguu saumu, akamwekea Baba Mdogo mkubwa kuliko wote na kumwambia, “Karibu samaki wa bara, mzee wangu. Ukishindwa, nimekuja na dagaa.” Baba Mdogo alianza mkiani, kama mtu anayekagua. Baadaye akauliza kama ukwaju upo. Jibu lake nitakuandikia kama nilivyoliona: kichwa alikifyonza mpaka ikabaki mifupa mitupu, na mkono ukarudi kwenye sinia.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuambia, na ni haki yako kulijua kabla hujalisikia kwa mwingine.

Mpango huu si wa Uledi. Ni wangu. Yale malori ya maji ya bahari ni yake, na atayakumbushwa hadi uzeeni, lakini bwawa nililiwaza mimi, siku niliyobaki peke yangu kufunga milango ya ghala baada ya nyinyi kuondoka. Michoro ni yangu, hesabu za maji na hewa ni zangu. Nilimwomba Uledi azungumze yeye kwa sababu Baba Mdogo alikwisha kusema mbele ya watu kwamba Sitara aandike magazeti yake, ghala awaachie wenye kazi. Nilitaka bwawa lihukumiwe lenyewe, si mimi.

Leo Mhandisi alipoondoka, Uledi alikimbia kumwambia Benedikta. Tukabaki wawili. Baba Mdogo akaniambia, “Mwenye bwawa ni wewe.” Nikamuuliza amejuaje. Akasema anamjua Uledi tangu anatambaa, hajawahi kukaa na jambo likafika mchoro wa tatu. Kisha akasema ningemwambia mapema.

“Ungekataa, Baba Mdogo.”

“Ningekataa,” akasema. “Ndiyo maana nilinyamaza.”

Akanipa funguo za ghala, zote, na ule wa mlango wa nyuma uliokuwa wa baba. Mnunuzi alipompigia simu, alimjibu mbele yangu kwamba ghala lina mtu wake.

Na mimi nimeacha kazi. Mwisho wa mwezi huu natoka gazetini. Mhariri ameisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia nina samaki.

Msalimie sana Dada Fatuma na watoto. Benedikta anakusalimu, anasema meza yako bado inaitwa kwa jina lako. Baba Mdogo anakusalimu pia, na ana agizo: mafundi wanaanza Jumatatu, tarehe 19 Oktoba, saa moja asubuhi, lakini zege halimwagwi kabla hujafika na dua haijasomwa. Panda basi la Jumamosi, tarehe 17. Nitakuwa stendi.

Mwanao,
Sitara