Birika Lako, Baba

Baba yangu uliyetangulia,

Nakuandikia mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko nilikoaibika.

Unakumbuka karamu za Mambrui, nilipokuwa kijana wa shule, kichwa kimejaa vitabu? Wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na wewe ndiye uliyepita jamvini na birika na tasa, ukiwanawisha watu mikono kabla ya pilau. Wavuvi, wachuuzi, hata yule mlevi wa sokoni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, hiyo si kazi ya mwenyekiti," nilikunong'oneza.

Ukacheka. "Nikiinama kumnawisha mtu, sikio langu lafika kinywani mwake. Nikikaa kitini, lafika wapi?"

Sikukuelewa. Nikashika kalamu, nikawachapa wakubwa gazetini: wanaofunguliwa milango ya gari kana kwamba hawana mikono. Sikubakiza mtu. Ulipofariki, watu wakanipa nafasi yako. Walidhani maneno yale ndiyo tabia yangu.

Ijumaa iliyopita jirani yetu aliozesha binti. Nikawekewa kiti chenye mto, nikakikalia. Masinia yakaja. Watu wakatulia, mikono mapajani. Nikadhani wangoja neno langu. Nikasimama, nikaanza kuhutubia.

Mzee Athumani, mshona nyavu, rafiki yako, akanikatiza. "Mwanangu, pilau yapoa. Au leo twanawa kwa hotuba?"

Jamvi zima likacheka. Birika lilikuwa pale mlangoni, limejaa maji. Hakuna aliyeligusa, maana miaka yote lilikuwa la mwenyekiti.

Nikalichukua. Sikuzoea kumimina, nikamlowesha Mzee Athumani mpaka kwenye mkono wa kanzu. Hakujali. Alisema polepole, "Kisima kimeingia chumvi tangu mfungo. Wanawake wateka mtoni, kwenye mamba."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa ukiandika."

Baba, maji ya nyumbani kwangu huletwa mlangoni na hamali. Sijawahi kumuuliza ayatoa wapi. Mimi, niliyewauliza mawaziri kila kitu.

Ijumaa hii kuna karamu ya hitima mtaani, na birika nimelisugua mwenyewe. Radhi zako nitaziomba baadaye. Kwanza niwainamie watu, nisikie ni nini kingine hawakuniambia.

Lala pema, Baba.

Mwanao uliyemwachia kiti, akasahau birika