Vidonge Kumi vya Akonkwa

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa leo salamu zangu zina moto. Magoti yanaendeleaje na vilima vya Cimpunda? Ukuta wa jikoni umesimama na mvua hizi? Mimi hapa Kampala ni mzima, nazunguka na vitenge begani mpaka viatu vimeisha soli. Faida, mdogo wangu, akusomee polepole na asiruke mstari. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unacheka, unanibariki, kisha unakata kabla sijasema.

Mama, nimekasirika.

Mwanangu Akonkwa alipoharisha mwezi uliopita, muuguzi wa kituo alikupa vifuko vya chumvi na sukari vya kuchanganya na maji safi, pamoja na vidonge kumi vya zinki. Kimoja kila siku, kwenye kijiko cha maji, siku kumi. Nikashukuru Mungu. Kumbe siku ya nne, ulipomwona anakimbiza kuku, ukagawa vilivyobaki! Vitatu kwa kila mmoja wa watoto wawili wa Maman Safi, jirani wa lupango letu, tunayekaa naye ua mmoja, na cha mwisho ukakifunga kwenye kona ya kitenge chako, eti akiba.

Faida alipokuuliza ukamjibu, na sauti yako naisikia hata huku: "Mutoto ashapona, iko anacheza. Batoto ba Maman Safi baharishe na dawa iko mu nyumba? Mi si mutu wa roho mubaya!"

Roho yako si mbaya, Mama, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Watoto watatu wamekunywa dawa na hakuna hata mmoja aliyeimaliza. Zinki si maandazi ya kugawana. Sasa Akonkwa anaharisha tena, macho yameingia ndani na chakula hataki.

Jana Faida alimpa muuguzi simu, nikamsikia mwenyewe akiniambia: "Maman, kuacha kuharisha haiko kupona. Mutoto akiharisha, zinki inatoka na ile maji, na mwili haina gala ya kuiweka. Ile siku kumi inatengeneza tumbo, inasaidia ugonjwa isirudie mbiyo."

Nikamgeukia naye. Kwa nini hakukueleza hivyo siku ya kwanza, akaandika tu namba kwenye bahasha? Akasema foleni ilikuwa ndefu. Foleni! Kana kwamba kifo nacho hungoja zamu yake. Kisha akaniomba radhi. Ametoa vidonge vingine kumi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulichimba kaburi. Umemsahau dada yetu Neema? Naye alicheza siku mbili tukafurahi, kisha ikarudi. Nilikuwa na miaka minane, na mimi ndiye niliyechota maji ya kumwosha.

Msalimie Maman Safi. Simlaumu, ila awapeleke watoto wake kituoni wapewe kumi vyao. Msalimie Tonton Mugisho, ndugu yako, umwambie zile sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anazomaliza kwa sababu yeye ni mwanaume, huku mtoto akipewa mchuzi na bugali, sambaza hizo nazo zina zinki. Kuanzia sasa sahani ianzie kwa Akonkwa. Tonton akinuna, anune. Msalimie na paroko, mwambie aniombee uvumilivu, maana wangu umeisha.

Nisamehe ukali, Mama. Kile kijiko nilipaswa kukishika mimi, na mikono yangu iko huku inauza vitenge. Ndiyo hasira yenyewe, na wewe umeipata kwa sababu uko karibu naye kuliko mimi.

Barua hii inaletwa na Maman Zawadi, anayekuja kununua vitenge huku. Atarudi huku Kampala baada ya wiki mbili. Usimpe ndizi wala unga wa kuniletea. Mpe ile plakete iliyobeba vidonge vya Akonkwa ikiwa tupu. Nitapitisha kidole kwenye kila tundu, na nataka matundu matupu yawe kumi.

Mwanao,
Nsimire, mama yake Akonkwa