Lugha Aliyotunyima Mama

Bedford, 9 Februari 1999

Kaka Dario mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Glenys na watoto. Natumai joto la Perth limepungua na mgongo wako umepata nafuu. Huku theluji imeyeyuka, imebaki tope tupu. Mwili wangu ni mzima. Ya moyoni utayasoma humu, maana siku ile uliponiuliza kwenye simu jinsi Mama alivyokufa, nilikujibu kwa mkato.

Hujasahau alivyotukataza Kiitaliano. Watoto wote wa wafyatua matofali Waitaliano mtaani kwetu walikizungumza majumbani mwao. Sisi neno moja likitutoka tulizabwa kofi, tukaambiwa kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba sisi ni Waingereza. Baba aliendelea kujipangusa vumbi lake jekundu la matofali. Na zile barua zilizokuja kila Krismasi kutoka Molise, kwao Italia, Mama alisema ni za binamu yake, akazifungia kwenye kabati.

Kiharusi cha mwaka juzi kilimfutia Kiingereza chote, kikamwachia lugha ya kwao tu. Daktari alisema lugha ya ukubwani ndiyo hutangulia kutoka. Nikawa namlisha na kumwogesha mama yangu mzazi kama bubu anayemhudumia bubu. Basi nikajiandikisha darasa la Kiitaliano, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, katikati ya wastaafu wanaotaka kununua nyumba Toscana.

Mwalimu wetu, Signora Ornella wa Milano, alinicheka tangu siku ya kwanza. "Wewe Di Iorio, jina lako la Kiitaliano kuliko langu, huo ulimi umeuokota wapi?" Ulimi wa Kiingereza haujui kukawia kwenye herufi pacha. Nilitaka kutaja umri wangu, lakini n mbili za neno lao la miaka nikazitamka kama moja, kumbe nimesema nina matundu ya haja arobaini na moja. Darasa zima lilicheka hadi machozi. Nikakariri kwamba katika sarufi yao kiti ni mwanamke na mkate ni mwanamume, nikarudi nyumbani nikamjaribia Mama, naye akanikodolea macho tu. Yeye alisema lugha ya milimani kwao, anameza miisho ya maneno. Nilipomwigizia Signora Ornella, alisema hicho si Kiitaliano, ni makelele ya wachunga mbuzi.

Hata hivyo sikuacha. Sentensi ya kwanza ya Mama niliyoielewa yote alimwambia jirani yetu Carmela, mimi nikiwa palepale nambadilishia shuka. Alisema, "Huyu mtumishi Mwingereza ana mikono baridi."

Mwezi uliopita, mchana mmoja, nilikuwa namnywesha supu. Ghafla alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniita Concettina. Dario, tuna dada. Mama alimzaa kabla hajaolewa, na Baba alikubali kumwoa kwa sharti kwamba mtoto asiletwe Uingereza wala asitajwe. Akamwacha kwa bibi akiwa na miaka mitatu. Mtoto alimng'ang'ania sketi kwenye basi, naye akamwambia anakwenda kununua mkate, atarudi sasa hivi. Yote hayo alinisimulia mimi, akidhani mimi ndiye huyo Concettina. Ndipo nilipojua kwa nini tulinyimwa ile lugha. Tungeweza kuzisoma zile barua.

Alilia, akaniuliza, "Umenisamehe, binti yangu?"

Kaka, kusema ndiyo kungenigharimu nini? Lakini nilikuwa nimemfulia mikojo miezi kumi na minne, na maisha yangu yote hakuwahi kunishika uso namna ile. Nikamjibu "No." Neno hilo ni lilelile kwa lugha zote mbili, sikuhitaji darasa. Aligeukia ukutani, akakataa kijiko. Siku ya nne akafa. Nilikwambia alikufa kwa amani. Nilikudanganya.

Nilivunja kabati, nikaipata namba ya simu katika zile barua, nikampigia Concetta, ndilo jina kamili la Concettina. Alikuja mazishini na koti jeusi, pua yake ni yako kabisa. Watu walidhani ni binamu. Tukitoka makaburini aliniuliza, polepole ili nimwelewe, kama Mama alimtaja mwishoni. Nikamwambia Kiitaliano changu bado kibovu, Mama alisema mengi lakini sikuambulia kitu.

Akanipapasa mkono. "Usijali, dada," akasema. "Ni lugha ngumu."

Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukitaka kumwandikia, mtafute mtu mwingine wa kukutafsiria. Wabusu watoto, na wifi mpe mkono wangu.

Dada yako,
Loretta