Bunduki ya Cephas Ndani ya Leso Yangu

Masara, Suna Magharibi
14 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Roselyn,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua chako kimepona? Jikinge na ile baridi ya mashine za huko Doha. Sisi tu wazima, mahindi yamesimama vizuri, na Trizah wangu ameota meno mawili ya mbele.

Ujumbe wako umenifikia. Unaniomba nimtake radhi shemeji Clifford kwa kuwa niliharibu mazishi ya ndugu yenu. Nakupenda, wifi, ndiyo maana nakujibu wazi: sitamtaka radhi.

Hukuwapo, basi nikueleze. Unajua mume wangu Cephas alilinda ng'ombe wa kijiji kama polisi wa akiba, kwa ile bunduki kuukuu ya jeshi, ya kuvuta komeo. Sefti yake, kile kidude cha kuzuia risasi isitoke, ilikuwa imelegea kama jino la mzee. Aliifunga kwa mpira wa baiskeli, akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani huku chai ikimpoa. Siku ile aliteleza mtoni, kitako cha bunduki kikagonga jiwe, ikajifyatua, ikamuua. Wakasema siku yake ilikuwa imefika. Mimi nasema ni sefti.

Siku ya tero buru, wanaume wakijiandaa kukimbiza ng'ombe ili kukifukuza kifo, Clifford alimpa mdogo wenu Bravin bunduki ileile. Apige hewani, kisha abaki nayo, kwa kuwa ndiye aliyechukua nafasi ya marehemu ya polisi wa akiba. Kabla haijatiwa risasi niliitwaa, nikaifunga ndani ya leso yangu ya msiba, nikaikalia. Nani angejitafutia chira, ile laana ya kuvunja mwiko, kwa kugusa leso ya mjane ambaye kaburi la mumewe bado bichi?

"Nyar Kendu!" Clifford akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Kendu. "Hiyo ni mali ya serikali!"

"Basi serikali ije iichukue. Yenyewe haiogopi chira."

Mama yenu alicheka huku analia.

Serikali ilikuja. Sajini alifoka, lakini aliipeleka kwa fundi wa silaha wa polisi mjini Migori, nami nikawafuata pamoja na Bravin. Fundi alitoa kidude kilichochakaa, akafunga sefti mpya, ya zile ambazo mafundi wengine bado huzitengenezea bunduki hizo za zamani. Nilikataa kutoka mlangoni mpaka Bravin alipovuta triga mbele yangu, bunduki tupu, sefti imefungwa. Kimya. Akagonga kitako sakafuni. Kimya.

Clifford bado analalamika kwamba ndugu yake alizikwa bila mlio wa heshima. Ni kweli. Mlio wa bunduki ile niliusikia nikiwa shambani, siku aliyokufa. Unanitosha.

Jana Bravin alirudi kutoka doria, matope hadi magotini, akaomba uji. Akikupigia tena Clifford, mwambie hivyo tu.

Msalimie mumeo Jeff na binti yenu Cate. Mungu awafunike huko ugenini.

Ni mimi wifi yako, mwenye kukupenda siku zote,
Millicent

Unapoomba, unikumbuke.