Jina Langu Kati ya Maprofesa

Mpwa wangu Ingunn,

Bila mimi, manispaa yetu ingeshamezwa na jirani zetu. Hata Oslo wanalijua hilo. Lakini jana mwalimu wako wa siasa kanipigia simu.

"Torbjørn, Ingunn amekutaja kama chanzo kwenye tasnifu yake. Unathibitisha kwamba hotuba yako ndiyo iliyogeuza kura ya kuiunganisha manispaa yenu na jirani zake?"

Mimi! Kwenye marejeo, katikati ya maprofesa wawili! Nikasingizia mtandao, nikakata.

Mwanangu, porojo za kahawa ya Jumapili unazipeleka chuo kikuu? Nifute kabla hujakabidhi kazi, watakufelisha! Hotuba niliitoa kweli, tena kwa machozi. Ila niliitoa ndani ya gari, na aliyenisikiliza ni mbwa peke yake.

Mjomba wako akupendaye,
Torbjørn